Mshona Makuti Aliyewauliza Wakubwa: Watoto Wako Ukurasa Gani?

Saa mbili asubuhi, mvua ya masika imepumzika kidogo, na Biasha binti Chirau amekwisha kushona makuti manne. Ameketi barazani kwa zahanati ya Mvinjeni, miguu ameinyoosha juu ya jamvi, na beseni la majani yaliyorowekwa tangu jana liko ubavuni pake. Anachukua majani mawili ya mnazi, anayakunja juu ya fimbo nyembamba, anapitisha shazia, sindano kubwa yenye ugwe wa miaa, anakaza. Kisha mengine mawili. Mikono inajua njia, haihitaji kuangaliwa, na macho yake yako ng'ambo ya barabara, kwenye dirisha la afisi ya Baraza la Lokesheni.

"Nyumbani kwangu kuna kivuli kizuri kuliko hapa," anasema bila kugeuza shingo. "Lakini nikishonea nyumbani, karani atanisahau. Hapa kila akifungua dirisha lake ananiona. Nami nataka anione."

Leo ni Jumatatu, tarehe 26 Mei 1958. Kwa watu wa Mvinjeni, kijiji kidogo kati ya Gazi na Msambweni, leo ni siku ya thelathini na moja. Wote wanazihesabu siku hizi, kuanzia wazee wa msikitini mpaka watoto wa chuo cha Kurani, na hakuna anayeuliza ni siku za nini.

Nyuma ya Biasha, katika chumba cha wazazi cha zahanati, amelala binti yake Mwanasha, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, pamoja na mwanawe mchanga. Mwanasha yumo katika arobaini yake. Na hapa Mvinjeni, paa lililo juu ya mwanamke aliyezaa haliguswi mpaka arobaini itimie. Haling'olewi kuti, haliongezwi kuti, hata kama mwenye nyumba amegombana na mkewe asubuhi hiyo hiyo.

Arobaini ikitimia, tarehe 4 Juni, Baraza limesema litalivua paa hilo, kuti kwa kuti, na kwenda kuezekea Nyumba ya Wageni, ambamo Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, hulala mara mbili kwa mwaka anapokuja kukagua lokesheni. Biasha amesema hawalivui. Baraza lina muhuri, lina askari wawili na lina karani. Biasha ana shazia.

Biasha ana miaka arobaini na mitatu. Ni mwanamke mrefu, mkavu, na vidole vyake vimekuwa vigumu kwa ugwe. Alianza kushona makuti akiwa na miaka minane, kwa mama yake, na tangu mumewe Iddi afariki miaka minne iliyopita hana kazi nyingine wala hataki nyingine. Kwa siku moja, majani yakiwa tayari, hushona korija moja, yaani makuti ishirini. Korija huuzwa shilingi moja. Katika shilingi hiyo, senti tano ni ushuru wa Baraza.

Mwezi ukiwa mzuri hupata shilingi ishirini na mbili. Masika yakikaza, majani huoza na wanunuzi hawaji, na hupata kumi, au nane.

"Ushuru sikuukataa hata siku moja," anasema. "Senti zangu tano nilikuwa nazitoa moyo mweupe. Waliposema za nini, niliamini. Mtu akikuambia ni za watoto, utamkatalia?"

Hivyo ndivyo walivyoambiwa mwaka 1950, katika mkutano wa hadhara. Ushuru wa makuti ungejenga chumba cha wazazi kando ya zahanati, ili wanawake wasibebwe kwa machela maili saba mpaka hospitali ya Msambweni wakati barabara imekuwa matope. Wanakijiji waliinua kuta kwa mikono yao wenyewe. Baraza likaweka paa: makuti ya zamani, yaliyotolewa kwenye banda la mbuzi wa ushuru.

Biasha alijifungua chini ya paa hilo, masika ya mwaka 1952. Mtoto alikuwa wa kiume, akaitwa Suleiman. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, maji yakashuka juu ya mkeka, juu ya moto, juu ya nguo za mtoto. Mkunga alihamisha kitanda mara nne kutafuta pembe iliyo kavu, na pembe hiyo haikuwako. Suleiman alishikwa na kifua siku ya tatu. Siku ya tano walimzika.

Biasha haelezi zaidi ya hapo. Anakaza ugwe mpaka fimbo inalia, kisha anasema kwa sauti ile ile ya kawaida kwamba kuti aliloshona yeye mwenyewe na kuliuza kwa matajiri wa mjini halikuvuja, na lililokuwa juu ya mwanawe lilivuja. Jambo hilo limemkaa rohoni miaka sita.

Mwaka huu, mwezi wa Februari, karani wa Baraza, Bwana Abdurahman, aliwaita wanawake washonao makuti. Abdurahman ni kijana wa miaka thelathini, mzaliwa wa Jego kule kusini, mwenye mwandiko mzuri na mashati yaliyopigwa pasi. Aliwapa habari njema kwamba chumba cha wazazi kitaezekwa upya kabla ya masika, na makuti yanayotakiwa ni korija thelathini. Fedha za kuyanunua, akasema, kwa bahati mbaya hazipo. Lakini si mila yao kwamba kuti la mzazi haliuzwi?

Ni kweli, ndiyo mila. Mwanamke akiingia mwezi wa nane wa mimba, wenzake humletea makuti, kila mmoja kwa uwezo wake, paa la nyumba yake litengenezwe kabla ya siku kufika. Hakuna anayelipwa na hakuna anayedai. Wanawake thelathini wakainua mikono papo hapo, kila mmoja korija moja.

Walizishona mwezi wa Ramadhani, wakiwa wamefunga. Biasha alishona korija tatu, moja yake, moja ya jirani aliyekuwa mgonjwa, na moja ambayo hakusema ni ya nani. Makuti yote mia sita na ishirini yakapangwa kando ya ukuta wa zahanati, chini ya upenu, yasipate mvua.

Idi ikapita. Jumanne yake, Abdurahman akaja na tarishi kuyahesabu, akawashukuru kina mama, na akasema kumetokea mabadiliko kidogo. Bwana Shauri atakuja mwezi wa Juni. Baraza limekaa na kuona kwamba Nyumba ya Wageni inavuja, na ni aibu. Makuti yatakwenda huko. Chumba cha wazazi kitaangaliwa katika makadirio ya mwaka ujao, Mungu akipenda.

Wanawake walinyamaza. Mwenye kutaka kuwalaumu na awalaumu, lakini mtu akikuvunja moyo mchana kweupe, kwa adabu, na huku anatabasamu, ulimi huwa mzito. Biasha ndiye aliyeuliza hayo makadirio ni kitu gani na yanakaa wapi.

Yalikuwa yanakaa ubaoni, nje ya afisi, karatasi nne zilizochomwa kwa pini, na zimekaa hapo tangu mwaka uanze. Hakuna aliyewahi kuzisoma. Biasha anasoma na kuandika herufi za Kiarabu, kama wengi waliosoma chuoni, lakini hizi za afisini hazijui. Akaenda kumchukua Hannah Jumwa.

Jumwa ni mkunga wa zahanati. Ametoka bara ya Kwale, upande wa nchi kavu ya mifugo, na ni Mkristo. Amekaa Mvinjeni miaka minane, na nusu ya watoto wanaokimbia barabarani wamepita mikononi mwake. Ndiye aliyekuwa akimhamisha Biasha pembe hadi pembe mwaka ule wa 1952. Alisimama mbele ya ubao akasoma kwa sauti, mstari kwa mstari, na Biasha akaandika kwa penseli, kutoka kulia kwenda kushoto, juu ya karatasi ya kufungia sukari.

Karatasi hiyo anayo mpaka leo, imekunjwa ndani ya leso yake. Anaikunjua na kumsomea mwandishi wa habari hii. Ushuru wa makuti, shilingi elfu moja na mia moja. Hayo ndiyo yaliyoingia kutoka mikononi mwa washonaji wa lokesheni nzima. Nyumba ya Wageni, shilingi elfu moja mia tisa: vyandarua vinne, taa mbili za karabai, sahani dazeni mbili, kiti cha kunyoosha miguu, rangi ya milango. Kuna ua wa afisi. Kuna baiskeli ya tarishi, na kengele ya baiskeli ikaandikwa peke yake.

Jumwa alisoma mpaka mwisho wa karatasi ya nne.

"Nikamwambia, rudia, pengine umeruka," Biasha anasimulia. "Akarudia. Nikamwambia, mbona watoto hujawafikia? Akaniambia, Biasha, hawapo."

Ndipo alipovuka kizingiti cha afisi, jambo ambalo mwanamke wa Mvinjeni halifanyi isipokuwa ameitwa. Alimwamkia karani kwa heshima zake zote, akamwuliza hali ya nyumbani, akamwuliza hali ya mkewe Esha, ambaye alikuwa mja mzito. Kisha akamwuliza swali ambalo sasa linajulikana mpaka Vanga.

"Bwana Karani, nimesomewa kitabu chenu chote. Watoto wako ukurasa gani?"

Abdurahman hakukasirika. Alifungua daftari, akapekua, akaweka kidole. Watoto wamo, akasema. Sabuni ya zahanati na mafuta ya taa ya chumba cha wazazi, shilingi sitini kwa mwaka. Zimewekwa mwisho, chini ya jina la Mengineyo.

Biasha alitazama kidole kile.

"Basi sisi tumezaa mengineyo," akasema, akatoka.

Neno hilo lilifika kisimani kabla yake. Jioni ile kila mama aliyekuwa akimwita mwanawe aje kuoga alimwita Mengineyo, na watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Wanawake hawakuwa wakicheka sana.

Alhamisi, tarehe 24 Aprili, wajumbe wa Baraza na karani wao walikwenda Kwale mkutanoni. Asubuhi hiyo Biasha aligonga mlango wa Ziro. Ziro ni mwezekaji, na hapa Mvinjeni wanawake hushona makuti lakini wanaopanda juu ya paa ni wanaume. Naye pia ametoka bara, na Baraza ndilo linalompa kazi nyingi. Alikuwa na kila sababu ya kukataa. Biasha alimwambia waziwazi kwamba hana hata senti ya kumpa, na kwamba huenda akafukuzwa.

Ziro aliuliza kama fito ziko tayari. Alipoambiwa ziko, akachukua kisu chake.

Walilivua lile paa bovu na kulitupa. Wanawake thelathini walisimama mstari mmoja kutoka kwenye rundo mpaka kwenye ngazi, kuti likapita mkono kwa mkono, na Ziro na wanawe wawili wakafunga safu kwa safu. Jua lilipokuwa linaelekea magharibi paa lilikuwa limefika kilele. Makuti mia sita na ishirini, na hakuna hata moja lililobaki chini.

Karani alirudi Ijumaa na kuliona. Mara hii hakutabasamu. Alisema hiyo ni mali ya Baraza iliyochukuliwa bila idhini, na kwamba Jumamosi saa nne litavuliwa, na atakayezuia atapelekwa mbele ya wazee kama mwizi. Biasha alimjibu kwamba yeye karani ameomba makuti ya wazazi, amepewa makuti ya wazazi, na yamekwenda kwa wazazi. Kama alitaka makuti ya wageni angesema, nao wangempa bei.

Hapo ndipo lilipo kosa la Abdurahman, na yeye mwenyewe anakubali kwamba ni kosa, ingawa analiita la haraka. Aliikumbuka mila pale ilipompa makuti ya bure. Alidhani inaishia hapo. Kumbe mila haikatwi vipande kama kitambaa cha dukani, na ile ile iliyompa makuti ndiyo iliyokuja kumfunga mikono.

Mwanasha alikuwa anangojea mtoto wake wa kwanza wakati wowote wiki hiyo. Kwa desturi mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa binti, na Biasha alikuwa amekwisha kutengeneza chumba, udi na kila kitu. Ijumaa jioni Mwanasha alikunja mkeka wake, akamwambia mama yake kwamba atazalia zahanati, chini ya lile paa.

Watu wanasema Biasha ndiye aliyemtuma. Wanasema alimtoa binti yake kafara ya ukaidi wake. Maneno hayo yalimkata maini, na bado yanamkata.

"Nilimkataza," anasema, na kwa mara ya kwanza mikono yake inasimama. "Nilimwambia, si chumba kile, mwanangu. Chagua popote, si kile. Mimi nilikuwa nataka paa kwa ajili ya wanawake wote, lakini binti yangu mwenyewe nilitaka niwe naye kwangu. Huo ndio ukweli. Niliogopa."

Mwanasha anasikiliza kutoka ndani, na anaitikia kupitia dirishani. Sauti yake ni ya mama yake, ila changa. Anasema alimwuliza mama yake swali moja tu: ikiwa chumba hakimfai Mwanasha, kimfae binti wa nani?

Jumamosi saa nne kasoro robo, uchungu ulikuwa umeshika kweli. Saa nne kamili Abdurahman akafika na vibarua watatu, na Ziro, aliyelazimishwa kuja kulivua alilolifunga. Ngazi ikaegemezwa. Biasha alikuwa amesimama uani, mgongo ukutani, hakuthubutu kuingia chumbani wala kuondoka. Anasema hakuona ngazi wala hakumwona karani. Alikuwa anaona mkeka uliolowa wa mwaka 1952.

Ziro alipanda polepole kuliko anavyopanda siku zote. Alifika kwenye safu ya kwanza, akatoa kisu, akashika kamba. Na hapo mtoto akalia.

Kilikuwa kilio kikubwa, chenye hasira, cha mtoto aliyezaliwa mahali pakavu. Ziro alikaa juu ya ngazi kwa kitambo. Kisha akakirudisha kisu alani na kushuka.

"Bwana Karani, mimi si mwenyeji wa hapa, na mila zenu nyingi sizijui," akasema. "Lakini hii naijua."

Alipomaliza kusema, wale vibarua watatu walikuwa wamekwisha kuiangusha ngazi majanini na kuondoka, mmoja wao akiomba msamaha kwa ukuta. Jumwa alitoka akijifuta mikono, akamwambia Biasha ni msichana, na mama yake hajambo. Biasha alikaa chini pale pale uani, akafunika uso kwa leso na kulia kwa sauti mbele ya karani. Hakuona haya wakati ule na haoni haya sasa.

Mtoto anaitwa Mwanapili. Lakini siku ya saba alipotolewa nje, kijiji kizima kilimwita Mengineyo, na jina limeng'ang'ania.

Baraza halikulala. Wiki iliyofuata Biasha aliitwa mbele ya wajumbe na kuambiwa atatozwa faini ya shilingi arobaini, fedha za miezi miwili. Alisema atalipa, hata akiuza kitanda. Sharti lake lilikuwa risiti, nayo iandikwe wazi kwamba Biasha binti Chirau ametozwa kwa kosa la kuezeka chumba cha wazazi, ipigwe muhuri, naye ataitundika ubaoni karibu na makadirio.

Mjumbe mmoja akasema suala hilo liahirishwe. Limeahirishwa mara tatu mpaka sasa.

Bwana Abdurahman alikubali kuzungumza na mwandishi katika afisi yake, dirisha likiwa wazi. Alisema yeye ni mtumishi tu na makadirio hupitishwa na wajumbe. Lokesheni ni maskini, na wageni wa serikali wakilala pabaya huondoka na ripoti mbaya, na ripoti mbaya hupunguza ruzuku. Alipoambiwa kwamba watoto wakilala pabaya huondoka pia, alilifunga daftari lake. Alisema arobaini itaheshimiwa, na baada ya hapo amri itafuatwa.

Biasha aliposikia hayo hakushtuka. Ana mpango wake, na hakuuficha. Yeye na Jumwa wamepita nyumba hadi nyumba, na wanawake wanne waja wazito wameahidi kujifungulia katika chumba hicho mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja ataanza arobaini yake kabla ya mwenzake kuimaliza. Wakifika mwisho wa mwaka watakuwa wamepatikana wengine.

"Watavua paa siku wanawake wa Mvinjeni watakapoacha kuzaa," anasema. "Waambie wangoje."

Palikuwa na kasoro moja tu. Katika wale wanne, wa karibu kabisa hatarajiwi kabla ya katikati ya Juni. Kutoka tarehe 4 mpaka hapo kuna siku kumi zisizo na mtu, na ndani yake tarehe 5, siku ambayo Baraza litakutana kupitisha makadirio ya mwaka ujao. Siku kumi zinatosha kabisa kuvua makuti mia sita na ishirini. Karani anazijua, na Biasha anazijua. Amekuwa akizifikiria kila anapopitisha shazia, na amesema, kwa utani usio utani, kwamba ikibidi yeye mwenyewe ataingia alale humo, na Mungu atamjalia huo uzazi wa uzeeni.

Ndiyo maana asubuhi hii, saa tatu na nusu, mlango wa afisi unapofunguka, anaacha kushona.

Anayetangulia kutoka si karani. Ni mkewe, Esha, anayetembea taratibu, mkono mmoja kiunoni, mkeka mpya kwapani. Anavuka barabara akichagua penye matope machache. Nyuma yake Abdurahman amebeba furushi la nguo na taa ya chemni, shati lake lililopigwa pasi linaanza kulowa kwa manyunyu. Nyumba yake ina bati, na kijiji kizima kinaijua. Mvua ikipiga juu ya bati hilo, anasema Jumwa, mkunga hamsikii mzazi na mzazi hamsikii mkunga.

"Shikamoo, mama," anasema Esha.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumtazama Mwanasha?"

"Nimekuja kulala. Tangu alfajiri kiuno hakinipi nafasi."

Biasha anainuka haraka kuliko umri wake, anampokea mkeka na kumshika mkono mpaka ndani. Jumwa anafunga mlango. Biasha anarudi na kuketi mahali pake, anatafuta shazia, na kwa muda haipati ingawa iko mbele yake.

Abdurahman amebaki chini ya upenu, taa mkononi mchana. Anatazama juu, kwenye makuti yaliyobanana safu kwa safu, na maji yanayoteremka nje bila kuingia hata tone. Anauliza, kwa sauti ya chini, hizo arobaini huhesabiwa kuanzia lini.

"Tangu uchungu unaposhika," anajibu Biasha. "Hesabu mwenyewe, Bwana Karani, ndiyo kazi yako."

Anahesabu. Midomo yake inacheza kidogo, na anapofika kwenye tarehe 5 Juni, na kuipita, na kwenda mbali mpaka mwezi wa Julai, anakaa kwenye ukingo wa baraza bila kukaribishwa. Kutoka ndani inasikika sauti ya Esha, naye anaikumbatia taa.

Tarehe 5 Biasha atakwenda mkutanoni. Si yeye peke yake, wote thelathini watakwenda, na watakaa barazani kwa afisi na majamvi yao. Hawatadai mengi. Wanataka makadirio yasomwe kwa sauti mbele ya watu waliolipa ushuru, na wanataka mstari mmoja wenye jina lake, Wazazi na Watoto, uandikwe kwa herufi kubwa kama ilivyoandikwa Nyumba ya Wageni. Kwa fedha za mstari huo kijengwe kisima chenye mfuniko kando ya zahanati, na Jumwa apewe msaidizi, maana hawezi kuwa macho siku saba za wiki. Makuti watashona wenyewe. Paa zuri hudumu miaka mitano, na Biasha hataki binti zake waje kulipigania tena mwaka 1963.

Ile karatasi ya sukari itakuwa mkononi mwake. Kila mstari utakaosomwa ataulinganisha.

Mvua inaanza tena, kubwa sasa. Biasha anamtazama kijana huyu aliyejikunja na taa yake. Kisha analivuta lile beseni la majani na kumwekea magotini.

"Kama unakaa, fanya kazi. Nipe mawili mawili," anamwambia. "Na tarehe tano, ukisimama kusoma, anza na watoto."

Abdurahman anatumbukiza mkono majini, anatoa majani mawili, anampa.